Harriette Chick, bibi aliyepima kabla ya kusema

WANAOVUKA mpaka kila wiki na mizigo ya vitenge, mchele na sabuni wanajua kwamba ipo bidhaa nyingine isiyojaza hata kona ya begi lakini ina faida nzuri, nayo ni vichupa vya vitamini. Kimojawapo ni vitamini D, ambayo baadhi ya wauzaji huinadi kuwa inafungua kizazi, inaongeza mbegu za kiume na kumpa mtoto mwanamke aliyekwisha kata tamaa. Nimeulizwa habari zake mara nyingi, hasa na akina mama waliorejea nyumbani baada ya miaka ya ukimbizini, ambao mawifi na majirani wanawahesabia miezi. Wengine wako tayari kutoa mtaji wote wa genge kwa ajili ya kichupa kimoja. Wanataka kujua kama ni kweli.

Swali hilo siwezi kulijibu vizuri kabla sijawasimulia habari za Harriette Chick, mwanamke wa Kiingereza aliyefariki dunia mwaka 1977 akiwa na umri wa miaka 102. Ni mmoja wa watu waliothibitisha kazi ya vitamini D katika mwili wa binadamu, miaka michache kabla na baada ya vitamini hiyo kupewa jina. Nimemchagua kwa sababu maisha yake yanatufundisha jinsi ya kutofautisha dawa na maneno ya muuza dawa.

Binti wa mfanyabiashara

Harriette alizaliwa London Januari 6, 1875, katika familia ya Kimethodisti yenye watoto zaidi ya kumi. Baba yake, Samuel Chick, alikuwa mfanyabiashara wa lesi, ile nakshi ya nyuzi inayopamba nguo. Alikuwa mzee mkali, mtu wa sala kila siku na asiyependa anasa nyumbani kwake. Lakini kwa jambo moja aliwapita wazee wengi wa zama zake: aliwasomesha mabinti. Harriette na dada zake walipelekwa shule nzuri ya wasichana ya Notting Hill, na kadhaa kati yao wakafika chuo kikuu wakati ambapo Waingereza wengi waliona elimu ya juu ya mwanamke ni fedha iliyotupwa.

Alisoma Chuo cha Bedford, kisha Chuo Kikuu cha London, akajikita katika elimu ya vijidudu. Alikwenda pia kusoma Vienna na Munich, akajifunza Kijerumani, lugha ambayo baadaye ilimfaa sana. Mwaka 1904 alipata shahada ya udaktari wa sayansi.

Mwaka uliofuata aliomba nafasi katika Taasisi ya Lister, iliyokuwa kituo kikubwa cha utafiti wa magonjwa jijini London. Hakuna mwanamke aliyewahi kupewa nafasi ile. Inasimuliwa kwamba wanasayansi wawili wa pale walimsihi mkurugenzi, Charles Martin, asifanye upuuzi wa kumwajiri mwanamke. Martin hakuwasikiliza. Chick aliingia mwaka 1905 na akaitumikia taasisi hiyo kwa miongo minne, mpaka alipostaafu mwaka 1945.

Dawa kwenye maji machafu

Kazi yake ya kwanza iliyompa jina ilihusu dawa za kuua vijidudu, zile za kumwaga sakafuni na chooni. Wakati huo zilikuwa nyingi sokoni na kila kampuni ilijisifu. Zilipimwa kwa kuwekwa pamoja na vijidudu ndani ya maji safi, na nyingi zilifaulu.

Mwaka 1908 Chick na Martin walikitilia shaka kipimo hicho. Choo hakina maji safi, na wala kidonda hakina. Wakabuni kipimo kipya ambamo dawa ilichanganywa na uchafu halisi, kikiwamo kinyesi cha binadamu kilichokaushwa, ndipo wakaangalia kama bado inaua. Dawa kadhaa zilizosifiwa zilionekana kupoteza nguvu. Kipimo hicho kinaitwa kwa majina yao hadi leo.

Naomba msomaji uliweke moyoni jambo hili. Bibi huyu hakuuliza kama dawa inaweza kufanya kazi mahali fulani pazuri. Aliuliza kama inafanya kazi pale mtu anapoitumia.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, wanaume wengi wa taasisi walikwenda jeshini na wanawake wakashika maabara. Mwanzoni Chick alishughulikia kinga za kupimia homa ya matumbo miongoni mwa askari. Baadaye, akiwa na wenzake akina Margaret Hume, aligeukia chakula. Askari wa Uingereza waliokuwa Mesopotamia, Iraki ya leo, walipata kiseyeye na beriberi, ingawa jeshi liliamini kwamba maji ya ndimu yanazuia kiseyeye. Wanawake hao walipima kwa kutumia wanyama wadogo wa maabara na kuonyesha kwamba maji ya ndimu ndogo za kijani yana nguvu kidogo sana kuliko yale ya malimau. Jeshi lilikuwa limetegemea tunda lisilofaa kwa sababu ya mazoea.

Mifupa laini, uzazi mgumu

Kabla ya kwenda naye Vienna, ni lazima nieleze ugonjwa uliompeleka huko.

Mtoto asiyepata vitamini D hawezi kunyonya vizuri madini ya kalsiamu kutoka kwenye chakula. Mifupa yake inabaki laini. Akianza kusimama, miguu inapinda na kuwa matege, kifua kinabonyea, kichwa kinapanuka. Hayo yanaonekana kwa macho. Lisiloonekana ni nyonga. Uzito wa mwili unaukandamiza mfupa huo ungali laini, unabapa na njia yake inakuwa nyembamba. Kwa mvulana linaweza kupita bila madhara makubwa. Kwa msichana, madhara yanamsubiri miaka ishirini mbele, siku ya kujifungua, kichwa cha mtoto kitakapofika kwenye njia ile na kushindwa kupita.

Katika miji ya viwanda ya Ulaya ya karne ya 19, yenye moshi mzito na vichochoro visivyofikiwa na jua, wanawake wengi walikufa hivyo. Glasgow, huko Scotland, ilikuwa na sifa mbaya kwa ugonjwa huo. Ni huko ambako mwaka 1888 daktari Murdoch Cameron alimpasua mwanamke ambaye nyonga yake iliharibiwa na matege ya utotoni, na mama na mtoto wakatoka salama. Upasuaji wa kuzalisha ulianza kuaminika Ulaya kwa sababu ya akina mama wa namna hiyo.

Kwa hiyo uhusiano wa vitamini D na uzazi umejulikana kwa kishindo tangu zamani, ingawa jina lenyewe halikuwapo. Uhusiano huo ulipitia kwenye mifupa, na mwanamke aliyepata madhara yake alishika mimba vizuri. Kilichomshinda ni kuzaa.

Majira ya baridi ya Vienna

Vita vilipokwisha mwaka 1918, dola ya Austria ilivunjika. Vienna, jiji lililozoea kulishwa na dola nzima, lilibaki na njaa. Maziwa yalikuwa adimu, siagi ndoto, na wodi za watoto zilijaa matege, kiseyeye na kifua kikuu. Mwaka 1919 Chick alitumwa huko kutoka London akiongoza kundi dogo, alikuwamo pia daktari Elsie Dalyell kutoka Australia. Walikuwa wanawake kutoka nchi iliyokuwa adui mwaka mmoja tu uliopita, wakiingia kwenye jiji lililoshindwa.

Mwenyeji wao alikuwa Profesa Clemens von Pirquet, mkuu wa kliniki ya watoto ya chuo kikuu, mtu mwenye sifa duniani kote. Yeye hakuamini kwamba matege yanatokana na chakula. Aliona yanaelekea kuwa maambukizi. Hata hivyo, kwa uungwana, aliwapa wodi na watoto wa kuwatunza, na akawaacha wafanye kazi.

Wakati huo wataalamu walikuwa wamegawanyika. Huko Uingereza Edward Mellanby alikuwa ameonyesha kwamba watoto wa mbwa wanapata matege wakikosa mafuta fulani katika chakula, na kwamba mafuta ya ini la samaki aitwaye cod, wa bahari za baridi, yanawakinga. Huko Berlin, Kurt Huldschinsky aliwaponya watoto mwaka 1919 kwa mwanga wa taa ya mvuke wa zebaki. Wa chakula waliwacheka wa mwanga, na wa mwanga waliwacheka wa chakula. Wengine walilaumu uchafu, ukosefu wa hewa au damu ya ukoo.

Chick alifanya kama alivyofanya kwa dawa za chooni. Aligawa watoto wachanga katika makundi. Wote walilala katika kliniki hiyo hiyo, wakahudumiwa na wauguzi hao hao kwa usafi ule ule. Kundi moja lilikula chakula cha kawaida cha watoto wa Vienna. Jingine lilipewa chakula chenye mafuta ya ini la cod. Kisha walipigwa picha za eksirei mara kwa mara, ili kutegemea mfupa wenyewe badala ya jicho la daktari au matumaini ya mama.

Kazi hiyo ilichukua muda hadi mwaka 1922. Majira ya baridi, watoto kadhaa wa chakula cha kawaida walipata matege, na waliopewa mafuta ya ini hawakupata. Majira ya joto, watoto walipotolewa nje, ugonjwa haukuzuka katika kundi lolote, hata kwa wale waliokosa mafuta. Waliokwisha kuugua walipona kwa mafuta, au kwa taa ya zebaki, au kwa jua tu. Mabishano yakafika mwisho: chakula na mwanga ni milango miwili ya chumba kimoja. Ripoti kamili ilitolewa London mwaka 1923, na Pirquet mwenyewe alikubali aliyoyaona katika wodi zake.

Kuna sehemu ya kazi ile ambayo haisimuliwi sana, nami naiona muhimu kwetu. Mwaka 1920 Chick na Dalyell waliwaona pia watu wazima, wengi wao wanawake, waliokuwa na maumivu ya mgongo, mbavu na nyonga, wakitembea kwa kuyumba kama bata. Njaa ilikuwa imelainisha mifupa yao iliyokwisha komaa. Walitibiwa nyumbani kwa kuongezewa mafuta, na yale ya ini la cod yakaonekana bora. Ugonjwa huo humkuta kwa urahisi zaidi mwanamke aliyezaa na kunyonyesha mfululizo, kwa kuwa mtoto huchukua madini yake kwa mama.

Miaka yake ya baadaye

Mwaka 1922 Mmarekani Elmer McCollum aliipa vitamini hiyo herufi D. Mwaka 1928 Mjerumani Adolf Windaus alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa utafiti uliosaidia kufahamu umbo lake. Chick hakupata Nobel, wala sijaona mahali popote alipoilalamikia. Katika miaka ya 1930 alihudumu katika kamati ya lishe ya Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alihamia Cambridge na kushughulikia ubora wa unga wa mikate ya taifa. Mwaka 1941 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Lishe cha Uingereza, na akakiongoza kuanzia 1956 hadi 1959, akiwa amevuka miaka 80. Serikali ilimpa heshima ya Dame mwaka 1949. Alifariki dunia Julai 9, 1977.

Je, kichupa kinaleta mtoto?

Sasa naweza kulirudia swali la akina mama, kwa kutumia kipimo cha Bibi Chick.

Madai ya wauzaji hayakutoka hewani. Wanasayansi wamegundua kwamba ovari, mji wa mimba, korodani na hata mbegu za kiume zina vipokezi vya vitamini D, yaani milango ambayo vitamini hiyo huingilia kufanya kazi. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya wa kike waliokoseshwa vitamini D walipungukiwa sana uwezo wa kuzaa. Aidha, katika hospitali nyingi wanawake wanaotafuta mtoto hupimwa na kukutwa na kiwango kidogo.

Ukiishia hapo utanunua kichupa. Lakini hayo ni maji safi, bado hatujafika chooni. Mwaka 2001 ilionekana kwamba panya ambao miili yao haiwezi kabisa kutumia vitamini D walizaa walipolishwa kalsiamu nyingi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa upungufu wa madini, kama kwenye mifupa. Nao wanawake wenye kiwango kidogo mara nyingi wana mambo mengine pia, kama unene kupita kiasi, maradhi au kushinda ndani, na yoyote kati ya hayo yanaweza kuwa chanzo.

Kilichobaki ni kugawa watu katika makundi mawili, kama watoto wa Vienna. Hilo limefanyika. Huko Denmark, wanaume 330 wenye tatizo la uzazi waligawanywa, baadhi wakapewa vitamini D na wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba ubora wa mbegu haukutofautiana. Huko Italia, wanawake 630 waliokuwa wakisaidiwa kutungishwa mimba nje ya mwili walifanyiwa vivyo hivyo. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba waliopewa dozi kubwa ya vitamini D hawakushika mimba zaidi ya wenzao. Shirika la Afya Duniani nalo halishauri kila mjamzito apewe vitamini D. Linasema anayedhaniwa kuwa na upungufu anaweza kupewa uniti 200 kwa siku, kiasi kidogo sana.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba vitamini D ni ya lazima kwa mifupa ya mama na mtoto, na mwenye upungufu atibiwe. Lakini kwamba kichupa kinampa mtoto mtu asiyepata mtoto, hilo limepimwa na halijathibitika.

Sisi wa nchi za jua

Kuna jambo la kututia moyo. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya kuwapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha yao ya asili. Wastani wao ulikuwa 115 kwa kipimo ambacho huko Ulaya madaktari wengi huanza kuwa na wasiwasi mtu akiwa chini ya 50. Hawakununua chochote. Walikuwa nje, juani, kila siku.

Anayeuza mihogo au ndizi sokoni tangu asubuhi, mikono na uso vikiwa wazi, kwa kawaida hana haja ya kichupa. Wenye haja ni wengine: mtoto mchanga anayefungiwa ndani, mwanamke asiyetoka au anayejifunika mwili wote, mgonjwa wa muda mrefu. Wamo pia ndugu zetu waliohamishiwa Ulaya, Marekani na Canada kutoka kambini. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi, na majira ya baridi kule hayatoi jua la kutosha, hivyo madaktari wao huwaandikia matone ya vitamini D. Ni sawa kwa kule. Kosa ni kurudi nazo nyumbani, kuendelea na dozi ya baridi chini ya jua letu, na kumgawia wifi anayetafuta mtoto.

Vitamini hii si maji kwamba ikizidi utaikojoa. Inajilimbikiza kwenye mafuta ya mwili. Ikizidi sana, kalsiamu inajaa kwenye damu, mtu anapata kiu isiyoisha, kichefuchefu, kukojoa mara kwa mara na hata mawe kwenye figo. Wataalamu wa Marekani waliweka mwaka 2011 kikomo cha uniti 4,000 kwa siku kwa mtu mzima, asipokuwa chini ya uangalizi wa daktari. Soma lebo, kwani vipo vidonge vinavyozidi kiasi hicho mara kumi na zaidi.

Kwa mfanyabiashara mwenzangu wa mpakani nasema hivi: uza vitamini ukitaka, kama una kibali na tarehe haijapita, lakini usiuze ahadi. Mama anayekupa mtaji wake wa mwezi anakupa pia muda, na muda ndio asioweza kuupata tena.

Kwa mama anayehesabiwa miezi, fedha hiyo ipeleke kituo cha afya, na uende na mwenzio. Mirija iliyoziba kwa maambukizi ya zamani, mpangilio wa homoni na mbegu za mwanamume, vyote vinapimika. Katika ndoa nyingi zisizopata mtoto, tatizo liko kwa mwanamume peke yake au kwa wote wawili, lakini anayenyweshwa dawa ni mke. Kabla hujameza chochote, uliza alilouliza Harriette Chick maisha yake yote: waliotumia walikuwa wangapi, na wasiotumia ilikuwaje?